Ni Mwiko Kumpiga Mtani

Makambako, Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya leo si ya kusimulia. Asubuhi majani ya chainizi uani yalikuwa meupe kwa barafu, na upepo wa mji huu, mnaoujua mnaujua, unaingia mpaka kwenye meno.

Mkono wangu wa kulia umevimba. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Binti yangu Anitha, ndiye aliyenifungulia blogu hii na ndiye anayenisahihishia, amesema, "Mama, wewe sema, mimi niandike." Nimekataa. Leo sitaki kusahihishwa.

Nimempiga mtu.

Wala si kofi. Nimempiga mpaka damu, mbele ya jeneza la mume wangu, mbele ya katekista, mbele ya ukoo wake mzima kijijini kwao Kichiwa, na nilichoshika kisingepasuka ningeendelea.

Nianze na mwanangu, maana kila kitu changu huanza na yeye na mnaonisoma mmeshanizoea. Edgari. Yeyote aliyewahi kununua kiazi kwangu pale sokoni anamjua Edgari hata kama hajawahi kumwona. Nilimsomesha kwa lumbesa za viazi, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, tangu kipindi kile cha ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mgongo akaruhusiwa kubeba mzigo wake. Mimi niliishia darasa la saba. Edgari amepanda ndege. Yuko nchi ya mbali, sitaitaja, asije akaponzwa na mdomo wa mama yake. Anafanya kazi hospitali. Watu wakisema "Ooh, daktari!" mimi sikubali wala sikatai. Hospitali ina kazi nyingi.

Ana mke wa hukohuko na mapacha, wa kiume na wa kike. Sijawahi kuwashika. Nawajua kwa picha tu, na picha hizo nimezionyesha mpaka kwa makondakta wa mabasi ya Songea.

Mwezi wa nane walikuwa waje wote. Mume wangu akaanza kuwajengea chumba. Baba Edgari alikuwa mtu wa maneno machache, maana mengi ya nyumba hii niliyatumia mimi.

Halafu Edgari akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, serikali ya huku imetoa amri. Watu wa nchi kadhaa, na yetu imo, wenye makaratasi ya muda kama mimi, tukitoka haturuhusiwi kuingia tena."

Nikamwuliza, mmefanya nini?

"Hatujafanya kitu."

Mpaka lini?

"Hawajasema."

Mimi ni mfanyabiashara, marufuku nazijua. Nimeona mahindi yakizuiwa mpakani Tunduma mpaka yakaota ndani ya magunia. Nimeona ng'ombe wakifungiwa karantini wakikonda huku wamiliki wanalia. Lakini mahindi yanazuiwa kwa kuogopa njaa, na ng'ombe anazuiwa kwa kuogopa ugonjwa. Mwanangu anazuiwa kwa kuogopa nini? Kwa sababu ametoka kwangu, basi. Ametoka tumboni mwangu, na tumbo langu liko upande wasioupenda.

Nilitamani nimpate aliyetia saini amri ile. Nimshike masikio yote mawili, nimkalishe juu ya gunia la viazi, nimwulize mama yake anaishi wapi na mara ya mwisho alimwamkia lini. Asipojibu vizuri nimgonge kichwa ukutani. Naandika hivyo hivyo. Nilikuwa nikimenya viazi huku nikimwaza, na kisu kilikuwa kinakata nusu ya kiazi pamoja na ganda.

Baba Edgari hakupiga kelele. Alisema, "Serikali imesema haji. Mimi sijasema. Mlango uwe mrefu, yule mtoto ni mrefu."

Ijumaa akaenda Kifanya na mafundi wawili wa msumeno kukata mbao za mlango. Tuna shamba la paina kule, alilipanda kwa mikono yake mwaka aliozaliwa Edgari. Alikuwa akisema mtoto na miti vitakua pamoja tuone nani atafika juu.

Mti ulikatika vibaya. Ukazunguka juu ya kisiki, ukarudi nyuma badala ya kwenda mbele, ukampiga kifuani.

Fundi aliyekuja kuniambia alikuwa bado ameshika msumeno. Ametoka Kifanya mpaka Makambako na msumeno mkononi, hajui. Akasema, "Mama, mzee ameangukiwa na mti." Nikamwuliza, mti gani? Kana kwamba upo mti ambao ungekuwa afadhali.

Nilimwona kabla hawajamfunika. Sitaandika nilichoona kifuani. Nitaandika tu kwamba mkono wake wa kushoto haukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na kwenye kidole alikuwa amezungushia kamba yake ya kupimia. Imefungwa fundo mahali mlango unapoishia juu.

Nikampigia Edgari. Nikamwambia njoo.

"Mama, nikitoka..."

Nikamwambia baba yako amekufa!

"Mama, mapacha ndio kwanza wanatambaa. Nikitoka ndiyo basi. Mke wangu atabaki nao peke yake, na mimi nitawaona lini?"

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Kisha nikairusha simu ukutani. Betri ikaenda huku, mfuniko kule, laini ikaingia chini ya kabati. Anitha akapiga magoti akaviokota, akaviunganisha, ikawaka. Hata simu ilikuwa na uvumilivu kuliko mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Shemeji yangu Mzee Tobiasi, kaka mkubwa wa marehemu na ndiye kichwa cha ukoo, akaniuliza, "Mama Edgari, kijana anakuja?" Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Yuko njiani."

Nieleze kwa nini nilidanganya, msije mkadhani ni majivuno tu. Majivuno yalikuwepo, sikatai. Lakini kwa ukoo huu wa mume wangu, katekista akishamaliza sala zake, udongo wa kwanza unatupwa na mtoto wa kiume wa kwanza. Mwingine akitupa mahali pake, huyo ndiye anayehesabika mtoto wa marehemu toka siku hiyo. Kiti cha marehemu ni chake, shamba la paina ni lake, na ukoo ukikaa anaitwa kwa jina la baba yule. Aliyekosekana hawamtukani wala hawamfukuzi. Wanaacha tu kumtaja. Nimeona ikitokea kwa nyumba nyingine. Mtu yuko hai Dar es Salaam, anafanya kazi, anakula wali, na kwao Kichiwa hayupo.

Edgari wangu asitajwe? Mimi ambaye sijawahi kumaliza sentensi bila kumtaja?

Na aliyekuwa tayari kutupa udongo yupo. Dada wa mume wangu, Wifi Skola, ana kijana anaitwa Zakayo. Alimzaa nyumbani kwao kabla hajaolewa, kwa hiyo Zakayo ni wa ukoo kabisa. Kijana mzuri tu, mpole, sina neno naye. Neno ninalo na mama yake.

Jumapili tukiwa Kichiwa msibani, tunachambua maharage, Wifi Skola akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume kwenye moto, "Hiyo njia ya Edgari ni njia gani, wifi? Anakuja kwa miguu?"

Wanawake wakacheka. Wengine walicheka ndani ya kanga, niliwaona.

"Miaka yote tumeimbiwa Edgari, Edgari. Mvua ikinyesha ni Edgari, jua likiwaka ni Edgari. Leo tumwone basi huyo Edgari, tumguse!"

Nikamrushia bakuli la maharage. Lilimpata hapa, juu ya nyusi. Akanirukia. Mfiwa na mfiwa, wanawake wazima wenye wajukuu, tukashikana tukabingirika mpaka kwenye majivu. Alinikwaruza shavu, alama ninayo. Mimi nilibaki na kipande cha nywele zake za kusukia mkononi. Walipotutenganisha nilikuwa bado nasema, "Yuko njiani! Yuko njiani!" na majivu yakiniingia mdomoni.

Jumatatu ikafika.

Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Mimi nimekaa chini na wanawake, nimejifunika kanga, karibu na jeneza. Katekista alikuwa amemaliza, amefunga kitabu chake, anapulizia vidole vyake pumzi. Mzee Tobiasi akasimama.

"Tutamsubiri mtoto mpaka saa nane. Zaidi ya hapo marehemu ataona tunamchezea."

Watu wote wakageuza shingo kuangalia barabara. Ukoo mzima, wazee kwa watoto, wanaangalia barabara kwa sababu ya mdomo wangu. Sijawahi kuona barabara tupu kama ile. Kila mbwa aliyekatiza nilimchukia kwa kutokuwa Edgari.

Zakayo alikuwa amesimama karibu na rundo la udongo. Mama yake amemwekea mkono mgongoni. Amemvalisha koti.

Ndipo likasikika lori.

Linakuja linapiga honi, vumbi limetanda nyuma. Watu wakainuka. Moyo wangu, wasomaji wangu, niwaambie ukweli, moyo wangu uliamini. Mimi niliyejua hayupo njiani niliamini yuko njiani. Nikainuka mpaka kanga ikanidondoka.

Lori likasimama. Mlango ukafunguka. Akashuka mtu amevaa koti la mtumba refu mpaka visiginoni, miwani myeusi, kofia ya manyoya yenye masikio, anakokota sanduku la magurudumu lililobaki na gurudumu moja. Akapita kati ya watu kwa madaha, anafuta njia kwa kitambaa kila anapokanyaga.

"Kamwene vanyalukolo!" akasalimia ndugu kwa Kibena cha puani, kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia. "Mimi ndiye Edgari! Nimefika! Ondoeni mavumbi yenu, yananichafulia viatu!"

Msiba wote ukaangua kicheko.

Alikuwa Komba. Mngoni wa Songea anayeishi hapa Makambako, ndiye mwenye lori linalopeleka viazi vyangu Dar. Kwa wanaonisoma mbali: Wangoni ni watani wetu sisi Wabena. Babu zao walikuja na mikuki kutoka kusini wakatupiga, nasi tukawapiga, wote tulipochoka tukabaki kutukanana. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anamwigiza marehemu, anaingia kaburini akalala, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mfiwa kazi yake ni kucheka, au kulia. Kumkasirikia mtani ni mwiko. Kumgusa kwa hasira ndiyo kabisa, unauharibu msiba, unapigwa faini na jina lako halisafishiki.

"Nimechelewa, jamani!" Komba akasema, amelikalia sanduku lake. "Kule wamenishika shati! Wananiambia, Edgari, ukitoka hurudi. Nikawaambia, nyie, hamnijui! Babu zangu walivuka Zambezi na mikuki yao, nani aliwaomba viza?"

Mzee mmoja akapiga kelele, "Edgari gani ana babu Mngoni?"

"Hilo muulizeni mama!"

Watu walikufa kwa kucheka. Katekista aligeuka akaangalia mlimani, lakini mabega yalikuwa yanamcheza. Hata mimi nilicheka, kweli, kamasi na machozi pamoja.

Akaenda kwenye kaburi, akachungulia. "Mbona mmechimba fupi? Mnadhani amekufa Mbena wa kawaida? Huyu ni baba yangu mimi!" Akaja kwenye jeneza, akatoa chupa ya maji. "Baba, amka kidogo. Nimekuletea theluji, imeyeyuka njiani, ndiyo hii." Akanyunyiza.

Kisha akanigeukia mimi. Akavua miwani, akanitazama juu mpaka chini, akainua pua.

"Na huyu mama anayelia hapa ni nani? Samahani, mama, tunafahamiana? Mimi mama ninaye kule. Mweupe, ananiokea mikate. Wewe wa viazi sikujui."

Ni utani. Ni utani mzuri, tena. Siku nyingine ningemjibu mpaka akose pa kushika.

Mama mmoja wa jikoni alikuwa amesogea kuangalia na mwiko wake mkononi, ule mkubwa wa ugali wa msibani, mrefu kama mpini wa jembe. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka uzito wake tu.

Pigo la kwanza lilimpata begani, watu wakacheka zaidi. Walidhani namjibu. La pili kwenye mbavu, wakacheka lakini kidogo. La tatu lilimpata kichwani, kofia ikaruka, na kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri.

Akaanguka. Mimi sikuacha. Nilimpiga mgongoni, nilimpiga mikononi alipojikinga, nilimpiga kwa nguvu zote ambazo nimebebea viazi miaka yote hii. Damu ilimtoka juu ya sikio ikaingia kwenye kola ya lile koti. Na mdomo wangu ulikuwa unasema, sikuuzuia, Anitha ndiye aliyenikumbusha maneno yote baadaye:

"Kwa nini hukuja? Kwa nini hukuja? Baba yako amekufa akikukatia mlango! Mlango wako, mrefu! Umeacha wakuzuie, umeacha wakuweke karantini kama ng'ombe, umekaa! Ungevunja hiyo milango yao! Ungeng'ata mtu! Kwa nini hukuja, Edgari?"

Mwiko ukapasuka. Ndipo nikasimama.

Nasikia upepo tu kwenye mianzi. Wote walikuwa wameelewa. Haji. Hakuwa njiani. Mama Edgari alidanganya, na sasa amempiga mtani mbele ya maiti. Neno mwiko lina maana mbili, na siku ile nilizitumia zote.

Wifi Skola hakukawia. "Mmeona! Amemwaga damu ya mtani! Ameuharibu msiba wa kaka yangu! Haji huyo mtoto, tulijua. Zakayo, mwanangu, tupa udongo tumalize aibu hii."

Zakayo akainama. Namwona mpaka sasa, mkono wake ukienda kwenye rundo.

"Wewe! Acha udongo wangu!"

Ilikuwa sauti ya puani. Komba, pale chini, amejiegemeza kwenye kiwiko, jicho moja limejaa damu. Akaokota kofia yake, akaivaa upande. Akaokota na miwani, kioo kimoja hakipo, akaivaa vilevile.

"Acha udongo wa baba yangu. Nimechelewa, mama kanipiga. Nani wenu hajawahi kupigwa na mama yake kwa kuchelewa? Vanyalukolo, tangu lini mtu anaingilia mama na mwanawe?"

Hakuna aliyecheka.

Mzee Tobiasi akasogea na fimbo yake. Akamwangalia muda mrefu.

"Wewe ni nani?"

"Edgari, baba mkubwa."

"Usinitanie mimi sasa hivi. Ni nani?"

"Edgari. Shikamoo, baba mkubwa."

Mzee hakuitikia. Alinigeukia mimi, na mimi nilikuwa nimesimama na kipande cha mwiko, kichwa wazi, shavu limekwaruzwa, mjane wa aina gani sijui.

"Mama Edgari. Umemwaga damu, wote tumeona. Kama umempiga mtani, nitakuhukumu, na Zakayo atatupa udongo. Kama umempiga mtoto wako, hilo ni lako na nyumba yako. Kwa hiyo nakuuliza wewe peke yako. Huyu ni nani?"

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu kuhusu Edgari, mwingine mdogo, mwingine mzuri kabisa. Huu hapa sijui niuweke wapi. Maana nilipomwangalia yule mtu pale chini, na koti lake la kijinga na damu yake, sikumwona Mngoni. Nilikuwa nimempiga kwa mkono ambao humpigi mgeni.

"Ni mwanangu," nikasema. "Amechelewa."

Mzee Tobiasi akasema, "Marahaba, Edgari. Inuka. Baba yako anasubiri."

Akainuka kwa shida. Zakayo, na hili nitalikumbuka kwa yule kijana mpaka nife, Zakayo mwenyewe akampa mkono akamshika asiyumbe. Komba akachota udongo kwa mikono miwili. Hakusema utani. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Baba, nimekuja," akautupa, na damu ikadondoka kutoka kidevuni ikashuka na udongo.

Wifi Skola alikaa chini akalia. Nadhani alikuwa anamlilia kaka yake, kwa mara ya kwanza toka Ijumaa. Nilikwenda nikakaa kando yake. Baadaye alinisogezea kanga yangu.

Jana nilikuwa sijui nimshukuru nani. Kisha Anitha akaniambia alichoficha. Jumapili alimpigia Komba simu akilia, akamwambia kaka haji, mama amedanganya watu, kesho Zakayo atatupa udongo. Komba akasema, "Basi nitakuja mimi."

Kwa hiyo alijua. Aliliweka lile koti kwenye lori akijua. Sema hakujua kuhusu mwiko.

Zahanati wamemshona. Anatembea na bandeji kichwani pale stendi, na akiulizwa anasema, "Nilikuwa Ulaya, mama alinisalimia."

Leo mchana Edgari akapiga.

Niliogopa kupokea. Nilikumbuka lile neno langu la Ijumaa. Nilipopokea, wote wawili tukapumua tu kwenye simu, na dakika zake zinakwenda.

"Mama," akasema. "Baba mmemweka wapi?"

"Kichiwa. Karibu na mama yake."

"Nani alitupa udongo?"

Mnanijua. Ningeweza kueleza kuanzia asubuhi mpaka asubuhi. Sikueleza.

"Wewe," nikasema.

"Mama?"

"Wewe ndiye uliyetupa. Ulikuja na lori, umevaa vibaya. Ulichelewa, nikakupiga mbele ya watu, ukainuka ukatupa. Baba yako mkubwa ameitikia shikamoo yako. Ukoo umeona."

Nilisikia mtoto mmoja wa wale mapacha analia kule nyuma, mjukuu wangu, na sauti ya mwanamke akimbembeleza kwa lugha nisiyoijua.

"Ulinipiga sana?"

"Mpaka damu. Mwiko umepasuka."

Sikujua kama analia au anacheka. Kisha akasema, "Ndiyo maana toka juzi kichwa kinaniuma."

Tulicheka mpaka Anitha akaja kuangalia kuna nini. Nilicheka, na nikiwa bado nacheka nikasikia hasira ile ile iko palepale, haijapungua hata kidogo. Inauma vizuri, kama jino. Ile amri bado ipo. Chumba hakina mlango. Nitapigana na nani? Aliyetia saini siwezi kumfikia, na niliyemfikia hakuwa na kosa.

Nimeamua hivi. Mafundi warudi Kifanya, wauchane mti uleule uliomuua, mlango utoke humo. Kamba ya kupimia ninayo, fundo sijalifungua.

Na Komba sitamwomba msamaha. Mtani haombwi msamaha, nikimwomba nitakuwa nimekiri kwamba nilimpiga Mngoni. Kesho asubuhi nitaamkia pale stendi na supu ya kuku na kile kipande cha mwiko. Nitamwuliza mbele ya madereva wenzake ni mtoto wa aina gani anakaa mji mmoja na mama yake mjane, siku nzima, bila kuja kumwamkia.